Mwisho wa Waya: Kitale, Bungoma na Ahadi za Mawasiliano ya Angani

Serikali ya kikoloni ilipotaka kumhukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano mwishoni mwa mwaka 1952, ilichagua Kapenguria kwa makusudi. Hapakuwa na hoteli, hapakuwa na reli, wala hapakuwa na simu. Wakili D. N. Pritt, aliyetoka Uingereza kuwatetea, alilala Kitale na kusafiri karibu kilomita 40 kila asubuhi kwenda mahakamani. Simu ilikuwa Kitale. Telegramu ilikuwa Kitale. Alipowapelekea wabunge wa Uingereza telegramu kulalamikia jinsi kesi ilivyoendeshwa, alishtakiwa kwa kuidharau mahakama, na ikabidi Mahakama ya Juu ya koloni imwondolee lawama. Waliopanga kesi hiyo walijua walichokifanya. Aliye ng'ambo ya mwisho wa waya anaweza kutendewa mengi kabla kilio chake hakijasikika.

Kwa karibu karne nzima Kitale na Bungoma zimekaa jirani na mwisho huo wa waya. Nyuma yao kuna reli, posta na mitambo ya Nairobi. Mbele yao kuna Mlima Elgon, milima ya Cherangani, Pokot na mpaka wa Uganda. Katika miaka hiyo, kila kizazi kimeambiwa kwamba safari hii waya hautahitajika tena, kwa kuwa mawasiliano yatashuka kutoka juu: kwa setilaiti, kwa puto, kwa ndege isiyo na rubani. Ukizifuata ahadi hizo moja baada ya nyingine utagundua kwamba anga lenyewe halikuwa kikwazo kikubwa. Kila chombo kilichorushwa juu kimeishi au kimekufa kwa mambo matatu yaliyoko chini: kituo cha kukipokea, simu iliyo mfukoni mwa mwananchi, na hesabu ya nani analipa.

Waya uliofuata reli

Telegrafu ilifika Afrika Mashariki kwa njia ya bahari. Mwaka 1879 kebo kutoka Aden ilifikishwa Zanzibar na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Zanzibar. Kutoka pwani waya ulipanda bara pamoja na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwishoni mwa 1901. Treni zisingeweza kupishana salama bila telegrafu, maana ndiyo iliyomwarifu mkuu wa stesheni kama njia ni nyeupe.

Wenyeji hawakuupokea waya huo kwa shangwe. Wanandi, ambao reli iliwapita ubavuni bila kuwaomba ruhusa, waliukata na kuugeuza mapambo. Serikali iliuhesabu wizi huo miongoni mwa makosa yaliyowaletea misafara ya kijeshi, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Karne moja baadaye kampuni za simu nchini zilikuwa bado zinalia na wezi wa nyaya za shaba. Mtambo unaopita juu ya ardhi ya watu huishi kwa ridhaa yao, na gharama ya kuikosa ridhaa hiyo huingia kwenye vitabu vya kampuni.

Kitale ilipata tawi lake la reli mwaka 1926, ili mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia yashuke sokoni. Njia kuu nayo ilipita Eldoret, Turbo, Broderick Falls ambayo leo tunaiita Webuye, kisha Bungoma na Malaba, ikaingia Uganda na kufika Kampala mwaka 1931. Simu ilifuata mkondo uleule wa fedha. Ilimfikia mlowezi, stesheni, posta na ofisi ya mkuu wa wilaya. Wabukusu wa Kimilili na Chwele, na Wasabaot wa miteremko ya Elgon, walibaki na barua, tarishi na baraza la chifu.

Uhuru haukubadili ramani hiyo haraka. Shirika la posta na simu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na Kenya ikaunda shirika lake. Ombi la laini ya nyumbani lilikaa miaka likisubiri kujibiwa, na wengi walitegemea kibanda cha nje ya posta, sarafu mkononi na foleni nyuma yao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, nchi yenye watu wasiopungua milioni 28 ilikuwa na laini za mezani laki tatu hivi, nyingi zikiwa Nairobi na Mombasa.

Ikweta kama mali

Wakati kijiji kikisubiri waya, nchi ilikuwa tayari imeshika anga. Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke alikuwa ameandika kwamba chombo kilichowekwa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, kitazunguka kwa kasi ileile ya dunia na kuonekana kimetulia mahali pamoja. Vyombo vitatu vingetosha kuihudumia karibu dunia nzima. Mwaka 1970 Kenya ilifungua kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa, cha kwanza cha aina yake Afrika Mashariki, na simu za kwenda ng'ambo zikaacha kutegemea redio ya masafa mafupi iliyofifia kila hali ya anga ilipobadilika.

Pwani nako kulikuwa na shughuli. Waitaliano walikuwa wamesimika majukwaa ya San Marco baharini karibu na Malindi, wakarusha setilaiti yao ya kwanza kutoka hapo mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru, kulirushwa kutoka majukwaa hayo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya nchi mwenyeji.

Sababu iliyowaleta Waitaliano Malindi ni ileile itakayowaleta wengine Laikipia nusu karne baadaye. Dunia huzunguka kwa kasi zaidi kwenye ikweta, hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki huokoa mafuta. Jua huwaka karibu sawasawa mwaka mzima. Setilaiti zilizotulia ziko karibu na utosi, hazifichwi na mlima. Kitale iko digrii moja tu kaskazini ya mstari huo, na Bungoma iko karibu zaidi. Kijiografia, ni vigumu kupata mahali pafaapo zaidi kwa kupokea mawimbi kutoka juu.

Lakini sahani ya Longonot ilihudumia Nairobi, serikali na kampuni. Mkulima wa Endebess aliyetaka kuzungumza na mwanawe aliye London alilazimika kwanza kuifikia posta ya Kitale, kisha laini ya kwenda Nairobi iwe nzima, ndipo setilaiti iwe na faida kwake. Hata intaneti ilipoingia, kwa miaka mingi ilishuka kwa setilaiti, na saiba za miji midogo zilitoza kwa dakika kwa sababu njia hiyo ilikuwa ghali. Nafuu ilikuja mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kwa hiyo Kenya iliwahi kuiacha setilaiti na kurudi kwenye waya, ikafanya hivyo kwa furaha, kwa kuwa waya ulikuwa nafuu zaidi.

Jaribio la kwanza kubwa la kumpa mtu binafsi simu ya setilaiti popote alipo lilikuwa Iridium. Setilaiti zake 66 zilianza kazi Novemba 1998 na ziliunganisha simu kama zilivyoahidi. Kifaa kiligharimu kama dola 3,000, kilikuwa kizito, na kilitaka uwanja wazi. Agosti 1999 kampuni ilifilisika. Katika Kenya simu za namna hiyo zilibaki mikononi mwa mashirika ya misaada, yale ambayo malori na magari yake yalipita Kitale yakielekea Lodwar na Lokichoggio.

Minara ilipofika

Kilichoipiku Iridium kilikuwa mnara. Safaricom na Kencell ziliingia sokoni kwa kishindo mwaka 2000, na kadi za kukwaruza za bei ndogo zikamfikia hata asiye na mshahara wa mwezi. Mwaka 2006 Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, ili mteja avuke mpaka bila kulipa ada ya mgeni. Wafanyabiashara wa Malaba na Lwakhakha hawakuhitaji kufafanuliwa faida yake. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na tangu hapo kukosa netiweki kukawa na maana ya kukosa pesa.

Maana hiyo imeendelea kupanuka. Katika mpango wa serikali wa mbolea ya ruzuku, mkulima aliyesajiliwa hupata ujumbe mfupi kwenye simu yake, na ujumbe huo ndio anaokwenda nao ghalani. Huko Trans Nzoia, kaunti inayojulikana kama ghala la mahindi la nchi, kijiji kisicho na netiweki wakati wa kupanda huchelewa pamoja na mvua yake.

Hata hivyo mnara una hesabu zake. Unataka kiwanja, barabara ya kufikisha vifaa, umeme au jenereta, mlinzi, na kiungo cha kuupeleka mzigo wa data hadi mjini. Gharama hizo hulipwa na watu wanaoishi chini ya mawimbi yake. Kwenye tambarare ya Bungoma, yenye mashamba madogo na nyumba zinazotazamana, mnara mmoja huwahudumia maelfu. Kwenye makorongo ya Elgon, mlima wenye kimo cha mita 4,321, mawimbi hukatwa na mgongo wa kilima, na aliye upande wa pili hubaki gizani hata akiuona mwanga wa mji. Karibu na Suam simu hushika mtandao wa Uganda kabla ya ule wa nyumbani.

Mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilipima pengo hilo nchini. Takriban asilimia 94 ya Wakenya walikuwa wanafikiwa na mtandao wa simu, lakini kata ndogo 164 hazikuwa na huduma yoyote, nyingi zikiwa katika kaunti kame za kaskazini. Hazina ya huduma kwa wote, inayochangiwa na kampuni za mawasiliano, ilianza kulipia minara katika baadhi yake. Watu waliobaki walikuwa wachache na waliotawanyika. Hao ndio waliowafanya matajiri wa California kutazama juu.

Mwaka wa maputo

Tarehe 1 Septemba 2016 Mark Zuckerberg alikuwa Nairobi, akizungumza na vijana wa teknolojia na kula samaki kwa Mama Oliech. Siku hiyohiyo huko Florida roketi ya SpaceX ililipuka ikiandaliwa kwa jaribio, ikiteketeza setilaiti ya Amos-6 ambayo Facebook ilikusudia kuitumia kuleta intaneti sehemu za Afrika. Kampuni yake pia ilikuwa na Aquila, ndege ya umeme wa jua isiyo na rubani, yenye mabawa mapana kama ya ndege ya abiria. Ilifanyiwa majaribio Arizona, na mradi ukafungwa mwaka 2018.

Washindani wao wa Google walikuwa wamechagua puto. Mradi wa Loon ulijaribiwa New Zealand mwaka 2013, ukasaidia Peru wakati wa mafuriko na Puerto Rico baada ya kimbunga Maria mwaka 2017. Maputo hayo yalikuwa ya plastiki nyembamba, yenye ukubwa wa uwanja wa tenisi, yaliyojazwa heliamu na kubeba paneli za jua. Yalielea katika stratosfia, kilomita 20 juu, mara mbili ya kimo cha ndege za abiria. Hayakuwa na injini. Programu ilisoma upepo wa kila tabaka, kisha puto likapanda au kushuka kutafuta upepo unaoelekea linakotaka. Moja lilikaa angani siku 312.

Kenya ikawa nchi ya kwanza kuyatumia kibiashara. Loon na Telkom Kenya zilitangaza ushirikiano mwaka 2018. Ruhusa ya kupita katika anga la nchi ilichukua muda, hadi janga la korona lilipofunga shule na ofisi, na Rais Uhuru Kenyatta akatangaza Machi 2020 kwamba maputo yameidhinishwa. Tarehe 7 Julai 2020 huduma ilizinduliwa Radad, Kaunti ya Baringo. Maputo kama 35 yalikusudiwa kulihudumia eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 magharibi na katikati ya nchi. Katika majaribio, data ilishuka kwa kasi ya megabiti 18.9 kwa sekunde, ya kutosha kwa simu ya video.

Orodha ya maeneo iliyotangazwa ilizitaja Iten, Eldoret, Baringo, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Bomet, Kericho na Narok. Kitale na Bungoma hazikutajwa. Eldoret iko upande mmoja wao, Kakamega upande mwingine, na miji hii miwili ikabaki kwenye pindo la ramani, kama ilivyobaki kwenye pindo la waya enzi za Pritt.

Jinsi mfumo ulivyofanya kazi inaeleza kwa nini haukudumu. Maputo yalirushwa kutoka Nevada na Puerto Rico, yakavuka Atlantiki na bara zima hadi Kenya, na kila lililochakaa lilihitaji mwenzake kulirithi. Mawimbi yalianzia kwenye vituo vya ardhini, yakapanda kwa puto moja, yakarukia jingine, kisha yakashuka. Simu iliyoyapokea ilipaswa kuwa ya 4G na kuwa na laini ya Telkom, mtandao wa tatu kwa ukubwa. Katika vijiji vya magharibi wengi walikuwa na laini ya Safaricom ndani ya kabambe, simu ndogo ya vitufe. Kwa hiyo aliyehitaji puto zaidi ndiye aliyekuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kulitumia. Uhandisi ulishinda pepo za stratosfia ukakwama kwenye bei ya simu.

Januari 2021 Alphabet, kampuni mama ya Google, ilitangaza kuifunga Loon. Mkuu wake, Alastair Westgarth, alieleza kwamba hawakupata njia ya kushusha gharama kiasi cha kuifanya biashara idumu. Huduma ya Kenya ikazimwa ndani ya wiki chache, na dola milioni 10 zikaahidiwa kusaidia miradi ya mawasiliano, elimu na ujasiriamali nchini. Telkom yenyewe ilibaki na matatizo ya chini: mwaka 2023 baadhi ya minara iliyokodi ilizimwa kwa sababu ya deni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Loon ilionyesha kwamba hata mtaka cha angani huinama.

Mabaki yake hayakupotea. Mwali wa mwanga uliobuniwa kuunganisha puto na puto ukawa mradi wa Taara, unaopeleka data kati ya milingoti miwili inayoonana bila kebo. Mwaka 2021 Taara iliunganisha Brazzaville na Kinshasa juu ya Mto Kongo.

Ndege za jua na simu ya kawaida

Laikipia imechukua nafasi iliyoachwa na maputo. Kampuni ya AALTO, tawi la Airbus, imejenga huko uwanja wa kurushia Zephyr, ndege ya jua yenye mabawa ya mita 25 na uzito wa kilo 75, nyepesi kuliko wengi wanaoitazama ikipaa. Tofauti na puto, Zephyr ina injini na inaweza kuzunguka mahali pamoja. Mchana huchaji betri, usiku huzitumia. Iliyopaa tarehe 20 Februari 2025 ilikaa angani siku 67 na kuvunja rekodi yake yenyewe, kisha safari ikaishia katika Bahari Hindi. Kampuni za Japani zinazoidhamini zilitumia safari za Kenya kujaribu kuunganisha simu za kawaida moja kwa moja na chombo kilichoko stratosfia. Kabla ya hapo, Septemba 2023, SoftBank ya Japani ilikuwa imerusha mtambo wa 5G juu ya Rwanda kwa zaidi ya saa moja.

Juu zaidi, kwenye kilomita kama 550, kuna setilaiti za Starlink. Huduma ilifunguliwa Kenya Julai 2023. Mwaka 2024 kulikuwa na kifurushi cha Sh1,300 kwa mwezi, bei ambayo shule au zahanati inaweza kuijadili, ingawa kifaa chenyewe kiligharimu makumi ya maelfu. Kufikia mwisho wa mwaka huo wateja walikuwa takriban 19,000, na huduma ilikuwa imejaa kwanza Nairobi na viunga vyake, palepale penye nyaya na minara tele. Safaricom ilimwandikia mdhibiti ikitaka kampuni za setilaiti zishirikiane na waendeshaji wa humu nchini badala ya kuuza peke yao.

Hatua inayofuata ni kuiondoa sahani kabisa. Aprili 2023 kampuni ya AST SpaceMobile iliunganisha simu ya mkononi ya kawaida kutoka Texas hadi Japani kupitia setilaiti yenye antena ya mita za mraba 64. Antena lazima iwe kubwa kwa sababu simu ya mfukoni hutoa nguvu kidogo mno. Mwishoni mwa 2025 Airtel Africa ilitangaza mkataba na SpaceX wa kuwapa wateja wake katika nchi 14 huduma kama hiyo kuanzia 2026.

Mipaka ya huduma hii inajulikana mapema. Mwali mmoja wa setilaiti hufunika eneo pana, na wote waliomo hugawana uwezo wake, hivyo ujumbe mfupi hutangulia na video hufuata kwa mbali. Mawimbi dhaifu hayapiti paa la mabati kwa urahisi. Mtu atatoka uani. Na ziko setilaiti zinazopita Elgon leo ambazo simu nyingi za kijijini haziwezi kuongea nazo, kama vile kabambe zisivyoweza kuongea na puto.

Ndiyo maana mdhibiti, serikali za kaunti na wawakilishi wa wadi za Kapsokwony, Cheptais au Endebess wanapaswa kuyapima matangazo yajayo kwa maswali ya chini kabla ya kupiga makofi kwa yaliyo juu. Je, huduma itafika kwenye laini ambazo watu tayari wanazo, au kwenye laini ya kampuni moja tu? Je, itapokelewa na simu ya bei gani? Kampuni ikiona hasara baada ya miezi saba, kama ilivyotokea mwaka 2021, ni nani atakayebaki na wajibu kwa wananchi? Hazina ya huduma kwa wote inaweza kulipia mawimbi ya angani kama inavyolipia minara, na leseni ya masafa inaweza kumbana mwenye setilaiti kutoa taarifa ya muda mrefu kabla ya kuzima. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji uvumbuzi mpya.

Kenya imeikopesha dunia ikweta yake mara mbili, Malindi na Laikipia, na imeiacha ipate somo la maputo juu ya vichwa vya watu wake. Ina haki ya kudai bei yake, na bei hiyo itajwe kwenye leseni.